Li Shizhen

Li Shizhen (kwa Kichina: 李時珍, Qizhou, 1518 – 1593) alikuwa tabibu na mtaalamu wa mitishamba nchini China wakati wa nasaba ya Ming. Anajulikana hasa kama mwandishi wa Bencao Gangmu, kitabu kikubwa cha dawa za asili alichokiandaa kwa miaka 27 na kukikamilisha mwaka 1578. Kitabu hicho kinaeleza dawa 1,892 zitokanazo na mimea, wanyama na madini, pamoja na maelekezo zaidi ya 11,000 ya kuzichanganya na kuzitumia.

Nchini China anahesabiwa kati ya matabibu wakubwa kabisa wa historia. Baadhi ya vitu alivyovieleza, kama vile mchele mwekundu na mzizi wa danshen, hutumika hadi leo katika matibabu ya wagonjwa wa moyo. Vichache kati yake vimepimwa kwa majaribio ya kitabibu ili kujua kama vinaweza kumkinga mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo asilipate tena.

Familia na elimu

Li Shizhen alizaliwa mwaka 1518 katika mji wa Qizhou, kando ya mto Yangtze, mahali ambapo leo ni wilaya ya Qichun katika jimbo la Hubei. Babu yake alikuwa tabibu wa kutembea, mmoja wa wale waliopita vijijini wakitikisa njuga ili wagonjwa wajue kwamba mganga amefika. Baba yake, Li Yanwen, alikuwa tabibu aliyeheshimiwa zaidi. Aliandika vitabu kadhaa, kikiwemo kimoja kuhusu ginseng na kingine kuhusu aina ya pakanga iliyoupatia mji wa Qizhou sifa.

Hata hivyo, kazi ya utabibu haikuwa na hadhi kubwa katika jamii ya wakati ule. Familia iliyotaka kupanda ngazi ilimsomesha mtoto wa kiume ili afaulu mitihani ya dola na kupata cheo serikalini. Li Yanwen alitaka mwanawe afuate njia hiyo. Li Shizhen alifaulu mtihani wa ngazi ya chini akiwa na umri wa miaka 14 kwa hesabu ya Kichina. Baada ya hapo alikwenda mara tatu Wuchang, mji mkuu wa jimbo, kufanya mtihani wa ngazi iliyofuata, na mara zote tatu alishindwa. Ndipo alipoacha mitihani na kujifunza utabibu kwa baba yake.

Kabla ya hapo alikuwa amepata ugonjwa ambao hakuusahau. Akiwa na umri wa miaka 20 alipatwa na kikohozi kilichodumu muda mrefu, pamoja na homa kali iliyomfanya ahisi kama anaungua, na kila siku alitoa makohozi mengi. Dawa nyingi zilijaribiwa bila mafanikio, na watu wakaanza kumkatia tamaa. Mwishowe baba yake alimchemshia mzizi mmoja tu, unaoitwa huangqin. Siku iliyofuata homa ilishuka, na baadaye kikohozi kikaisha. Miaka mingi baadaye, alipofika kwenye maelezo ya huangqin katika kitabu chake, Li alisimulia tukio hilo kama ushahidi wa nguvu ya dawa inayolingana na ugonjwa.

Kazi ya utabibu

Li alianza kutibu watu katika mji wake na vijiji vya jirani. Inasimuliwa kwamba mara nyingi hakuwatoza maskini malipo. Sifa zake zilimfikia mwanamfalme wa Chu, aliyekuwa na makao yake Wuchang. Kulingana na wasifu ulioandikwa na Gu Jingxing katika karne ya 17, Li alimponya mtoto wa mwanamfalme huyo aliyeshikwa na degedege la ghafla. Alipewa cheo katika jumba la mwanamfalme pamoja na usimamizi wa ofisi ya dawa.

Baadaye alipendekezwa kwenda Beijing kufanya kazi katika taasisi ya tiba ya Kaisari. Hakukaa huko muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja hivi alirudi kwao Qizhou, akaendelea kutibu, kufundisha wanafunzi na kuandika.

Mbali na Bencao Gangmu aliandika Binhu Maixue, kitabu kifupi kuhusu namna ya kutambua magonjwa kwa kupima mapigo ya mshipa wa mkononi, alichokikamilisha mwaka 1564. Aliandika pia kitabu kuhusu njia nane za ziada ambamo, kwa mafundisho ya tiba ya China, nguvu ya mwili hupita. Jina Binhu, lenye maana ya kando ya ziwa, lilikuwa jina alilojipa kutokana na makazi yake.

Bencao Gangmu

Sababu ya kuandika

China ilikuwa na vitabu vya dawa tangu zamani. Kitabu cha kale zaidi kinachojulikana, Shennong Bencao Jing, kilikuwa na dawa 365. Kila kizazi kiliongeza dawa mpya, na kufikia wakati wa nasaba ya Song vitabu hivyo vilikuwa vimekuwa vikubwa sana. Lakini pamoja na dawa ziliongezeka makosa, kwa sababu waandishi wengi walinakili maneno ya waliowatangulia bila kuiona mimea yenyewe.

Li aliona kwamba makosa hayo yanaweza kuua. Baadhi ya vitabu vilichanganya huangjing, mzizi unaoliwa kama dawa ya kuongeza nguvu, na gouwen, mmea wenye sumu kali. Vingine viliugawa mmea mmoja kuwa dawa mbili kwa sababu una majina mawili, kama ilivyotokea kwa nanxing na huzhang. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa na tabibu mwenye ujuzi angeweza kupewa sumu na mwuza dawa aliyefuata kitabu chenye makosa.

Mwaka 1552, akiwa na umri wa miaka 34 hivi, Li alianza kukusanya habari kwa ajili ya kitabu kipya. Alisoma maandishi zaidi ya 800, si ya tiba tu bali pia ya historia, mashairi, kilimo na safari. Aliandika upya rasimu yake mara tatu. Wanawe, wajukuu wake na mwanafunzi wake Pang Xian walimsaidia kunakili, kusahihisha na kuchora picha. Kazi ilimalizika mwaka 1578.

Mpangilio

Vitabu vya kale vilipanga dawa katika madaraja matatu: bora, za kati na za chini. Li aliuacha mpango huo. Aligawa dawa zote katika mafungu makuu 16 na vikundi 60, akianzia na maji, moto, udongo na madini, akiendelea na majani, nafaka, mboga, matunda na miti, kisha wadudu, viumbe wenye magamba, wenye makombe, ndege, wanyama na hatimaye binadamu. Alieleza kwamba alitoka kwenye vitu vidogo na duni kwenda kwenye vikubwa na vya thamani. Kitabu kizima kina juzuu 52 na picha zaidi ya 1,100. Kati ya dawa 1,892 zilizomo, 374 hazikuwemo katika vitabu vikuu vya dawa vilivyotangulia.

Maelezo ya kila dawa yamepangwa kwa utaratibu unaofanana. Kwanza huja majina yake na maana zake, kisha mahali inapopatikana na umbo lake, makosa ya waandishi waliotangulia, namna ya kuitayarisha, ladha na tabia yake, magonjwa inayotibu, maoni ya Li mwenyewe na mwishoni mapishi ya dawa. Kila neno alilolichukua kwa mwingine alilitaja limetoka kwa nani. Kwa njia hii msomaji anaweza kutofautisha habari za zamani na yale ambayo Li aliyaona kwa macho yake.

Namna ya kuchunguza

Li hakutegemea vitabu peke yake. Alisafiri katika nchi za bonde la Yangtze akiwauliza wakulima, wavuvi, wawindaji na wakata kuni. Mfano unaojulikana sana ni ule wa kakakuona. Vitabu vya kale vilidai kwamba mnyama huyu hula mchwa na chungu kwa kufungua magamba yake na kuwanasa ndani. Li alimpasua kakakuona mmoja na kukuta tumboni mwake chungu wengi, kiasi cha kujaza kibaba. Hivyo alithibitisha chakula cha mnyama huyo, ingawa simulizi la magamba alilibakiza kitabuni.

Mfano mwingine ni ua la mnanaha. Watu walisema kwamba ua likichumwa na mtu anayecheka, anayekunywa pombe iliyotiwa ua hilo atacheka. Likichumwa na mtu anayecheza ngoma, atacheza. Li alijaribu. Aliona kwamba mnywaji alipokuwa nusu mlevi, na mtu mwingine akaanza kucheka au kucheza mbele yake, ndipo naye alipofuata. Alieleza pia namna ya kutumia mnanaha kupunguza maumivu wakati wa kukata majipu.

Msimamo wake kuhusu zebaki

Katika karne ya 16 watu wengi wenye mali nchini China walikunywa dawa zilizotengenezwa kwa zebaki na madini mengine wakitumaini kuishi milele. Kaisari Jiajing, aliyetawala kuanzia mwaka 1521 hadi 1567, alikuwa mmoja wao. Li aliandika waziwazi kwamba zebaki ni sumu, na kwamba watu wasiohesabika waliokunywa dawa hizo kwa kutamani maisha marefu walilemaa au kufa. Aliwalaumu waandishi wa zamani waliozisifu. Hakuikataa zebaki kabisa kama dawa, lakini alikataa inywewe ili kurefusha maisha.

Maumivu ya moyo katika kitabu chake

Wakati wa Li hakuna tabibu popote duniani aliyejua kwamba shambulio la moyo hutokea mishipa midogo inayoulisha msuli wa moyo inapozibwa na damu iliyoganda. Ufafanuzi huo ulianza kukubaliwa katika karne ya 20, hasa baada ya maandishi ya daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1912. Matabibu wa China walijua hali waliyoiita maumivu ya kweli ya moyo, ambayo humfanya mgonjwa apoe mikono na miguu na kufa upesi. Lakini maumivu ya kifua na maumivu ya juu ya tumbo mara nyingi waliyaita kwa jina moja.

Jambo hili linaonekana katika kisa ambacho Li mwenyewe alikiandika. Mke wa mwanamfalme wa ukoo wa Jing, uliokuwa na makao yake Qizhou, alikula tambi akiwa na hasira, akapatwa na maumivu makali kati ya tumbo na moyo. Dawa zote alizopewa alizitapika. Li alikumbuka andiko la zamani lililosema kwamba mtu anayekaribia kufa kwa maumivu ya moyo atafutiwe yanhusuo haraka. Alimpa mama huyo unga wa kiazi hicho katika pombe ya moto, na maumivu yakaisha. Kwa dalili alizozitaja, huenda ulikuwa ugonjwa wa tumbo wala si wa moyo. Kwa sababu hiyo, msomaji wa leo akikuta maneno maumivu ya moyo katika Bencao Gangmu hawezi kudhani mara moja kwamba ni shambulio la moyo.

Dawa tatu za kitabu hicho zina umuhimu wa pekee katika historia ya tiba ya moyo:

Danshen (jina la kisayansi Salvia miltiorrhiza) ni mmea wenye mizizi myekundu. Li aliuweka kati ya dawa zinazoingia katika njia ya moyo, akaeleza kwamba unaondoa damu iliyokwama na kuzalisha damu mpya.

Sanqi (Panax notoginseng) ni mmea wa jamii ya ginseng kutoka kusini mwa China. Li alisema kwamba umejulikana karibuni tu, na kwamba wanajeshi wa kusini waliutumia kuzuia kutoka damu kwenye majeraha. Thamani yake ilikuwa kubwa hata ukaitwa kitu kisichobadilishwa kwa dhahabu.

Hongqu, au mchele mwekundu, ni wali uliochachushwa kwa kuvu hadi ukageuka rangi. Ulitumika kupaka vyakula rangi na kutengeneza pombe. Li alieleza hatua kwa hatua namna ya kuutengeneza, akausifu kama ustadi wa binadamu wa kuiga kazi ya maumbile. Aliona kwamba jinsi joto na unyevu vinavyougeuza wali mweupe kuwa mwekundu, ndivyo joto la tumbo linavyogeuza chakula kuwa damu. Kwa hiyo aliuhesabu kuwa dawa ya kusaidia mmeng'enyo wa chakula na kutembeza damu.

Uchapishaji na kifo

Kukamilika kwa kitabu hakukumaanisha kwamba kitasomwa. Kukichapisha kulihitaji kuchonga maelfu ya vibao vya mbao, kazi yenye gharama kubwa, na Li alikuwa tabibu wa mji mdogo. Mwaka 1580 alisafiri hadi Taicang, karibu na pwani, kumwomba Wang Shizhen, mmoja wa waandishi mashuhuri wa wakati ule, amwandikie dibaji. Dibaji hiyo ilipatikana miaka 10 baadaye, mwaka 1590, ambao pia ndio mwaka aliokufa Wang.

Mchapishaji Hu Chenglong wa Nanjing alikubali kuifanya kazi hiyo. Li Shizhen alifariki mwaka 1593, kabla kitabu hakijaanza kuenea. Toleo la kwanza, linaloitwa toleo la Jinling kwa jina la zamani la Nanjing, kwa kawaida huhesabiwa kuwa la mwaka 1596. Mwaka huohuo mwanawe Li Jianyuan alipeleka nakala kwa Kaisari Wanli pamoja na barua iliyoeleza kazi ya baba yake. Kitabu kilipokewa, lakini serikali haikuchukua hatua ya kukichapisha.

Kilichokiokoa ni wasomaji. Mwaka 1603 toleo jipya lilichapishwa katika jimbo la Jiangxi, na baada ya hapo matoleo mengine mengi yalifuata. Mwaka 1607 msomi Hayashi Razan alikipata huko Nagasaki na kumpelekea Tokugawa Ieyasu, mtawala wa Japani. Mwaka 1735 sehemu zake zilitolewa kwa Kifaransa katika kitabu cha Jean-Baptiste Du Halde kuhusu China. Charles Darwin alitumia habari kutoka kitabu hicho alipoandika juu ya kuku wa kufugwa. Tafsiri kamili kwa Kiingereza ilitolewa Beijing mwaka 2003.

Athari katika tiba ya leo

Kinga dhidi ya shambulio la pili la moyo

Mtu aliyenusurika shambulio la moyo yuko katika hatari kubwa ya kupata jingine. Kwa sababu hiyo madaktari humpa dawa za kuzuia damu isigande, kama aspirini, pamoja na dawa za kupunguza kolesteroli na shinikizo la damu, na humshauri aache kuvuta sigara, afanye mazoezi na kuangalia chakula chake. Nchini China wagonjwa wengi huongeza dawa za jadi, na watafiti wa huko wamejaribu baadhi ya dawa hizo.

Mchele mwekundu ndio mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1979 mwanasayansi Akira Endo wa Japani alipata katika kuvu ya jamii ya Monascus, ile inayotengeneza mchele mwekundu, kemikali inayolizuia ini kutengeneza kolesteroli. Aliita monakolini K. Ilibainika kuwa ni ileile lovastatini, ambayo mwaka 1987 ilikuwa statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa nchini Marekani.

Dawa ya Xuezhikang, inayotolewa katika mchele huo, ilijaribiwa nchini China kwa wagonjwa 4,870 ambao wote walikuwa wamewahi kupata shambulio la moyo. Nusu yao walipewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa, bila wao kujua wamepewa kipi. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 4 na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 10.4 walipata shambulio lingine au kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo; kati ya waliopewa Xuezhikang walikuwa asilimia 5.7.

Dawa nyingine ni Tongxinluo, mchanganyiko wenye ginseng, mruba, nge, tandu na ubani miongoni mwa vitu vingine. Ubani, ambao Li pia aliueleza, ulifika China kwa biashara ya Bahari ya Hindi kutoka kusini mwa Arabia na Pembe ya Afrika. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 3,777 waliokuwa wametoka tu kupata shambulio kali la moyo. Wote walipata matibabu ya kawaida ya hospitali, na nusu waliongezewa Tongxinluo. Katika siku 30, asilimia 3.4 ya waliopewa dawa hiyo walipatwa na kifo cha moyo, shambulio jipya, kiharusi au hitaji la haraka la kuzibuliwa mishipa, ikilinganishwa na asilimia 5.2 ya wengine.

Danshen na sanqi huuzwa pamoja katika vidonge vinavyotumiwa na wagonjwa wengi wa moyo nchini China. Hata hivyo, majaribio mengi yaliyofanywa juu ya dawa hizo yalikuwa madogo au yalipangwa vibaya, hivyo hayatoshi kuthibitisha kwamba zinazuia shambulio la pili.

Tahadhari

Dawa inayofanya kazi huweza pia kudhuru. Kwa kuwa mchele mwekundu una kemikali ileile iliyomo katika lovastatini, unaweza kuleta madhara yaleyale kwenye misuli na ini, na mtu anayeunywa pamoja na statini kwa kweli anameza dozi mbili. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2022 kikomo cha chini ya miligramu 3 za monakolini kwa siku katika virutubisho. Mwaka 2024 nchini Japani virutubisho vya mchele mwekundu viliondolewa sokoni baada ya watumiaji kupata ugonjwa wa figo. Danshen huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na unaweza kusababisha kutoka damu ndani ya mwili. Mgonjwa wa moyo hapaswi kuacha dawa za hospitali wala kuongeza mitishamba bila kumwambia daktari wake.

Malaria

Li alitaja pia qinghao, aina ya pakanga, kwa ajili ya homa zinazokuja na baridi, akifuata maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4. Kutoka mmea huo kikundi cha Tu Youyou kilipata artemisinini katika miaka ya 1970, na Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto za malaria zinazotumika Afrika ya Mashariki zina kemikali za jamii hiyo.

Makosa na lawama

Bencao Gangmu haikuwa bila makosa. Li aliamini kwamba viumbe fulani hugeuka kuwa viumbe vingine, na alibakiza maelezo mengi ambayo hayakupimwa. Fungu la mwisho linaorodhesha dawa zilizotokana na mwili wa binadamu, ingawa Li mwenyewe alilaani baadhi ya matumizi hayo.

Sehemu nyingine ya urithi wake imegusa wanyamapori. Kitabu kinataja pembe za kifaru, mifupa ya chui milia na magamba ya kakakuona kama dawa. Mahitaji ya bidhaa hizo huko Asia yamechangia ujangili wa vifaru na kakakuona barani Afrika, pamoja na Kenya na Tanzania. China ilipiga marufuku biashara ya pembe za kifaru na mifupa ya chui milia mwaka 1993, na mwaka 2020 iliondoa magamba ya kakakuona katika orodha rasmi ya dawa zake.

Wanahistoria hukumbusha kwamba Li hakukiona kitabu chake kama neno la mwisho. Aliwasahihisha waliomtangulia, alitaja alikotoa kila habari na aliwaachia waliofuata nafasi ya kumsahihisha naye. Mchele mwekundu haukukubaliwa na madaktari wa moyo kwa sababu umo katika kitabu cha kale, wala kwa maelezo yake kuhusu joto la tumbo, bali kwa sababu ulijaribiwa kwa wagonjwa na matokeo yakahesabiwa.

Kumbukumbu

Kaburi la Li Shizhen liko Qichun, pamoja na jumba la makumbusho lenye jina lake. Mwaka 1956 ilitengenezwa filamu kuhusu maisha yake, ambamo mwigizaji Zhao Dan alicheza nafasi ya tabibu huyo. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza Bencao Gangmu katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Tazama pia

Tiba ya jadi ya China
Shambulio la moyo
Kolesteroli
Tu Youyou
Nasaba ya Ming